Kabla Scampton haijauzwa: barua ya wazi kwa wenye dhamana

Kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, kwa Halmashauri ya Wilaya ya West Lindsey, na kwa yeyote atakayekabidhiwa funguo za uwanja wa Scampton.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Lincoln. Mimi ni Mtanzania niliyehamia mji huu kikazi, na barua hii nimeiandika kwanza kwa Kiswahili kwa sababu nataka ndugu zangu wa Afrika Mashariki waisome, waijadili, na wanaoafiki waniunge mkono. Nakala ya Kiingereza nitawaletea ofisini.

Jambo langu ni moja. Septemba 2024 Serikali ilitangaza kwamba uwanja wa zamani wa Jeshi la Anga wa Scampton hautatumika kuwaweka waomba hifadhi kama ilivyokuwa imepangwa, na kwamba utauzwa. Naomba usiuzwe kwa hati isiyotaja watu. Iandikwe humo kwamba sehemu ya ardhi ya uwanja itabaki wazi kwa wananchi, na kwamba mnunuzi atachangia gharama za kukusanya na kuonyesha habari za waliohudumu pale wakatoka hai: mafundi, wapakia mabomu, wanawake wa mnara wa kuongozea ndege, madereva, wapishi, na wanaanga waliorudi. Waliokufa mmewaandika, na mmewaandika vizuri. Waliobaki hai wamepotea huku tukiwaona.

Kwa ndugu msomaji uliye mbali, Scampton iko kaskazini mwa Lincoln, pembeni ya barabara ya A15. Barabara hiyo ilichongwa na Warumi, imenyooka maili kwa maili, halafu ikifika Scampton inakata kona kubwa, inauzunguka uwanja na kurudi kwenye mstari wake. Ilipindishwa miaka ya 1950 ili njia ya kurukia irefushwe, zipate nafasi ndege za Vulcan zilizoundwa kubeba mabomu ya nyuklia. Ukiwa kwenye basi unaisikia kona ile mwilini kabla hujauona uwanja wenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa mahali tofauti kabisa. Ndege 19 za mabomu aina ya Lancaster za Kikosi cha 617 zilizoondoka pale usiku wa tarehe 16 Mei 1943 kwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani ziliruka kutoka kwenye majani. Zege lilimwagwa baadaye, kikosi kilipokwisha kuhamia Coningsby mwishoni mwa Agosti.

Usiku huo mmoja ndio ulioimeza Scampton nzima. Kila mtoto wa shule hapa anaujua: watu 133 walipaa, ndege 8 hazikurudi, watu 53 wakafa na 3 wakatekwa. Kamanda wao, Guy Gibson, alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa nchini humu. Ofisi yake ndani ya hanga imehifadhiwa. Hata mbwa wake, aliyegongwa na gari muda mfupi kabla ya safari ile, ana kaburi mbele ya hanga. Jina la mbwa yule lilikuwa tusi wanalotukanwa nalo watu weusi, na Julai 2020 Jeshi la Anga liliondoa jiwe lililokuwa na jina hilo na kuweka jingine. Kelele zikawa nyingi, na zingalipo. Sitaki kuongeza yangu. Nasema tu kwamba nimesoma kurasa na kurasa za ubishi kuhusu jiwe la mbwa, na katika kurasa hizo sikukutana na jina hata moja la fundi aliyelala nje kwenye baridi ili ndege ile ipae.

Sina ugomvi na kumbukumbu ya mabwawa. Lakini Scampton haikuanza Mei 1943. Siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita, tarehe 3 Septemba 1939, ndege za Hampden za Kikosi cha 83 ziliondoka pale jioni kwenda kuzitafuta meli za Wajerumani. Agosti 1940 rubani Roderick Learoyd wa Kikosi cha 49 aliondoka hapo hapo kwenda kuupiga mfereji wa Dortmund-Ems, akarudi na ndege iliyotobolewa, akasubiri angani hadi kupambazuke ndipo aishushe asije akawaua wenzake gizani. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya kijana mmoja ambaye ningependa tusimame kwake kidogo.

Aliitwa John Hannah, Mskoti, mtu wa redio na bunduki, umri miaka 18. Usiku wa tarehe 15 Septemba 1940 Hampden yake ilikuwa Antwerp, ikishambulia majahazi ambayo Wajerumani walikuwa wameyakusanya ili kuivamia Uingereza. Ndege ilipigwa na kuwaka moto tumboni. Sakafu iliyeyuka chini ya miguu, risasi za ndani zikawa zinalipuka zenyewe kwa joto. Wenzake wawili waliruka kwa parachuti. Hannah alibaki, akapigana na moto kwa vizimamoto viwili mpaka vikaisha, kisha akaupiga kwa daftari lake la kumbukumbu, na mwisho akaupiga kwa mikono mitupu. Alipomwendea rubani kumwambia moto umezimika, uso na mikono vilikuwa vimeungua vibaya. Rubani akaileta ndege nyumbani. Hannah akapewa Msalaba wa Victoria akiwa bado kijana mdogo.

Mpaka hapo ndipo hadithi inapokatwa kila inaposimuliwa. Yaliyofuata ni haya: aliugua kifua kikuu, akaachishwa jeshi mwaka 1942, akahangaika kuilisha familia, na mwaka 1947 akafa akiwa na miaka 25, ameacha mke na watoto watatu wa kike. Kwangu mimi, hiyo miaka saba kati ya moto wa Antwerp na kitanda cha hospitali ni sehemu ya historia ya Scampton sawasawa na nishani. Mtu hakumaliza kutumika siku aliyotua.

Sasa niwaeleze nani hasa ninaowatetea, maana neno "waliohudumu" ni jepesi mdomoni.

Lancaster moja ilibeba watu saba: rubani, fundi wa angani, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, na washika bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mmoja mkiani. Ili hao saba wapae jioni, makumi ya watu walikuwa wameanza kazi asubuhi. Ndege hazikulazwa kwenye hanga. Zilitawanywa pembezoni mwa uwanja, kila moja kwenye kituo chake, ili bomu moja la adui lisiziteketeze zote. Mafundi walizitengeneza hapo hapo nje, wamesimama juu ya ngazi, Januari na Februari, upepo wa Bahari ya Kaskazini ukiwapiga, vidole vikigandia kwenye chuma. Glavu huwezi kuvaa unapofunga skrubu ndogo. Walijijengea vibanda vya mabati na mbao za kuokota, wakawasha majiko ya mafuta machafu, wakachemsha chai. Ndege waliihesabu kuwa mali yao. Wanaanga waliazimwa tu, na mkopo ule ulitakiwa kurudishwa asubuhi.

Wapakia mabomu waliyaleta kwa trela ndogo kutoka ghala lililofichwa mbali na majengo. Bomu la ratili 4,000, pipa refu la chuma lililojaa baruti, lilisukumwa chini ya tumbo la ndege na kuvutwa juu kwa winchi, halafu yakafuata masanduku ya mabomu ya moto. Mara nyingi amri ilibadilika saa kumi jioni: mji umebadilishwa, mafuta yaongezwe, mabomu yapunguzwe. Wakashusha kila kitu na kuanza upya, mvua ikinyesha. Katika viwanja vya ndege za mabomu wapo waliolipukiwa wakiwa ardhini, hawajawahi kupaa hata siku moja.

Wanawake wa jeshi la anga, ambao kufikia 1943 walizidi 180,000 nchi nzima, ndio waliokunja parachuti, na kila mmoja alijua kosa la mkono wake litagunduliwa na mtu aliyekwisha kuruka. Ndio walioendesha malori yaliyowapeleka wanaanga kwenye ndege zao. Ndio waliokaa mnarani na ubao mweusi: herufi ya ndege, jina la rubani, saa ya kuondoka, na kando yake nafasi ya saa ya kurudi. Walikaa mpaka alfajiri wakisikiliza redio. Sauti ikiita, chaki inaandika. Isipoita, nafasi inabaki tupu, na mwanamke wa miaka 20 anaitazama nafasi hiyo akijua jana alicheza dansi na mwenye jina.

Kabla ya kupaa wanaanga walipewa yai la kukaanga, anasa kubwa wakati mayai yalikuwa kwa mgao, na waliorudi walipewa jingine. Walitoa mifukoni kila kitu ambacho kingemsaidia adui: barua, tiketi za basi, risiti. Walisubiri chini ya bawa, wakivuta sigara, wengine wakikojolea gurudumu la nyuma iwe kinga. Kijana ambaye usiku huo angekuwa juu ya Berlin, mchana alikuwa amekwenda kwa baiskeli kunywa bia kijijini. Majeshi machache ya vita ile yaliwataka watu waishi namna hiyo, raha ya kijiji na moto wa Ujerumani ndani ya saa ishirini na nne, kisha warudie tena kesho kutwa.

Na asubuhi, ndege isiporudi, ilikuja kamati ya kukusanya vitu. Hawa ni watu ambao sijawahi kuona sanamu yao popote. Walifungua makabati ya waliopotea, wakatenga mali ya jeshi na mali ya mtu, wakasoma barua zote. Barua ya mpenzi ambayo mke hapaswi kuiona waliitoa. Kitu chochote cha kumuumiza mama waliondoa. Vilivyobaki vikafungwa kwenye sanduku na kutumwa nyumbani, shuka zikabadilishwa, na jioni kijana mgeni akalazwa kwenye kitanda kile kile. Kuna watu walifanya kazi hiyo miaka mitatu. Walirudi makwao 1945 wakaishi hadi uzeeni na barua za watu wengine kichwani.

Hesabu ya jumla mnaijua. Wanaanga kama 125,000 walipita katika Kamandi ya Mabomu, tawi la ndege za mabomu la Jeshi la Anga, na 55,573 walikufa. Kwa kila kumi, zaidi ya wanne. Zamu ya kwanza ilikuwa safari 30, na aliyeimaliza aliitwa tena baadaye kwa safari 20. Aliyefika mahali akasema siwezi tena, hata kama alikuwa amekwisha kwenda mara kumi na tano, aliweza kuvuliwa bawa lake kifuani, kushushwa cheo, na kuandikwa kwenye faili kwamba amekosa uthabiti. Leo tunajua hiyo ilikuwa jeraha la akili. Sijui ni familia ngapi hapa Lincolnshire ambazo babu yao hakuwahi kusema neno kuhusu vita kwa sababu ya muhuri ule, na ningependa muhuri huo ufutwe hadharani, kwenye ardhi ile ile walikopigiwa.

Tuangalie sasa nchi imewakumbuka vipi. Mnara wa Green Park jijini London, uliozinduliwa na Malkia Elizabeth mwezi Juni 2012, una sanamu za shaba za wanaanga saba. Mwaka 2013 ilitolewa alama ya kuvaa juu ya utepe wa medali kwa waliohudumu Kamandi ya Mabomu, na sharti likawa kwamba uwe umepaa. Fundi aliyesimama kwenye barafu miaka mitano hakuipata. Hapa Lincoln, mwaka 2018, kilifunguliwa kituo cha kimataifa cha kumbukumbu juu ya kilima cha Canwick, chenye mnara wa chuma wa mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster, na kuta zenye majina karibu 58,000. Kazi ile ni ya kusifiwa bila kubakiza: majina ya wafanyakazi wa ardhini waliokufa yamo, ya wanawake yamo, na Chuo Kikuu cha Lincoln kimekusanya sauti za wazee wengi kabla hawajaondoka. Lakini ukuta ni wa wafu. Fundi aliyenusurika hana ukuta.

Hata nyaraka zenyewe zimempita. Daftari za operesheni za kila kikosi ziko Hifadhi ya Taifa, Kew. Humo unapata kila safari, ndege, majina ya wote saba, saa ya kwenda na ya kurudi. Waliopakia mabomu usiku huo hawatajwi. Wizara ya Ulinzi imekwisha kuanza kuhamishia Kew mamilioni ya mafaili ya utumishi wa askari, ya jeshi la anga yakiwemo, kwa hiyo orodha ya waliopangiwa Scampton inaweza kutengenezwa kwa mara ya kwanza. Inahitaji mishahara ya watu wachache wa kukaa na kuchambua, kwa muda. Mbele ya bei ya uwanja mzima, hizo ni fedha ndogo.

Ndugu zangu Waafrika huniuliza: hayo yanatuhusu nini? Swali zuri, na jibu lake halitoki Scampton peke yake.

Oktoba 1939 Uingereza iliondoa, kwa muda wa vita, kizuizi cha rangi kilichowafungia weusi kuwa maofisa wa jeshi la anga. Wakaja vijana kutoka Karibi na Afrika Magharibi. Cy Grant wa Guyana alikuwa mwongoza njia wa Lancaster katika Kikosi cha 103 hapa Lincolnshire, uwanja wa Elsham Wolds. Juni 1943 ndege yake iliangushwa Uholanzi, akatekwa, na Wajerumani wakaichapisha picha yake gazetini kuonyesha eti Uingereza imefikia kuchukua watu wa namna gani. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, naye mwongoza njia, aliangushwa Novemba 1943 akaishia kambi ya mateka ya Barth. Mwaka 1948 alikuwa ofisa ndani ya meli ya Empire Windrush, ile iliyowaleta Wakaribi hapa.

Na yupo wa tatu, ambaye ni wetu pia. Ulric Cross wa Trinidad alijiunga mwaka 1941. Akawekwa Kikosi cha 139, ndege za Mosquito, ndege za mbao za watu wawili waliokaa bega kwa bega, rubani na mwongoza njia. Mwanzoni walikwenda mchana, chini kabisa, wakipita juu ya miti ili rada isiwaone. Baadaye kikosi kikaingia katika kundi la watangulizi, wanaofika mapema na kuweka alama za mwanga juu ya shabaha ili wengine wafuate. Kukosea dakika moja ni kuupeleka msafara mzima pasipopaswa. Cross alikwenda safari 80. Zamu ya kawaida ni 30, na yeye alikataa kupumzishwa. Alitoka na nishani mbili kubwa, DSO na DFC.

Huyo huyo, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikaa Dar es Salaam akiwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania na mwenyekiti wa Baraza la Kudumu la Kazi, lile lililoamua migogoro ya wafanyakazi na waajiri. Wanasheria wetu wakifungua hukumu za miaka ile wanakutana na jina lake: Cross, J. Wangapi wanajua kwamba mkono ulioandika hukumu ile ndio uliopiga hesabu ya upepo na mwendo kwa penseli, gizani, juu ya Ujerumani? Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 96. Trinidad imekiita kituo chake cha jeshi la anga kwa jina lake. Kwetu sisi, na kwenye viwanja alikopaa, Marham, Wyton na Upwood, anastahili kujulikana na kila anayepita.

Waongoza njia watatu, na wote watatu walisomea sheria baada ya vita. Nimelifikiria sana hilo. Smythe akawa mwanasheria mkuu wa serikali kwao, Cross akawa jaji wetu, na Grant, aliyeitwa kwenye uwakili mwaka 1950, akakosa kazi ya uwakili hapa Uingereza kwa rangi yake, akaingia uigizaji na uimbaji. Uzeeni Grant ndiye, pamoja na rafiki yake Mholanzi, aliyeanzisha orodha ya wanaanga wa Karibi mtandaoni. Mkongwe mwenyewe na mgeni kutoka nchi alikoangukia. Kazi hiyo ilikuwa ya serikali, Waheshimiwa, na bado ni yenu.

Niongeze Eye, kule Suffolk. Uwanja ule, ambako baadaye zilikaa ndege za mabomu za Marekani, ulijengwa na vikosi vya wahandisi weusi wa jeshi la Marekani, jeshi ambalo wakati ule liliwatenga na wazungu kwenye mabweni na kwenye meza ya chakula. Wao walimwaga zege, wengine wakapaa juu yake. Ukilikanyaga zege lile, unakanyaga kazi ya mikono yao.

Mtaniambia kwamba makumbusho yapo mengi na nyumba ni chache. Ni kweli, watu wanahitaji nyumba, na mimi ni mpangaji, najua. Lakini tazameni Birchwood, mtaa wa magharibi mwa Lincoln. Umejengwa juu ya uwanja wa Skellingthorpe. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 Leslie Manser, miaka 20, aliondoka hapo kwenda Köln, na ndege ilipokuwa inaanguka aliishikilia ili wenzake waruke, akafa nayo. Shule ya msingi ya mtaa imepewa jina lake. Lipo pia jiwe la vikosi viwili vilivyokaa hapo. Zaidi ya hayo ni nyumba, maduka, na vipande vya zege la zamani penye nyasi, ambapo watoto hupanda baiskeli bila kuambiwa ni nini. Nafanya kazi na watu waliozaliwa Birchwood na hawajui kama walikulia kwenye njia ya kurukia. Elsham Wolds alikopaa Grant ni eneo la viwanda, na barabara kuu imepita juu yake. Hatukuuliza mapema. Scampton tunaweza kuuliza sasa, wino haujamwagika.

Lazima niseme pia kuhusu mwaka 2023. Serikali ilipotangaza kuwaweka waomba hifadhi Scampton, baadhi ya watu walisimama getini wakasema heshima ya mashujaa itachafuliwa na wageni. Ilinichoma. Wapolandi wa Kikosi cha 300 walipaa kutoka viwanja vya mkoa huu huu, na nchi yao iliposhikwa baada ya vita, wengi waliwekwa na familia zao kwenye mabanda ya viwanja vilivyofungwa, Faldingworth ukiwemo, mabanda yale yale ya bati. Wageni wasio na nyumba wameishi kwenye viwanja hivi tangu zamani, na ni sehemu ya heshima yake. Wapo wengine walioupinga mpango ule kwa nia safi, kwa sababu kambi ya jeshi si mahali pa kumtuliza mtu aliyekimbia vita, na hao nakubaliana nao. Ninachowaomba wote waliolitaja jina la mashujaa wakati ule ni wajitokeze sasa, orodha ya mashujaa inapohitaji pesa.

Na habari za waliokuwa chini ya mabomu zisifichwe. Bwawa la Möhne, mojawapo ya yale yaliyopigwa Mei 1943, lilipopasuka, maji yaliwazoa watu wa bonde zima. Takribani 1,600 walikufa, na zaidi ya nusu yao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa vibarua wa kulazimishwa, wengi wakiwa wanawake kutoka Ulaya Mashariki, wamefungiwa kambini Neheim. Hamburg, Julai 1943, watu zaidi ya 30,000 waliangamia kwa moto. Mimi natoka nchi iliyowahi kutawaliwa na Wajerumani kisha na Waingereza, wala sina sababu ya kuipamba himaya yoyote. Mafundi na wanawake wa mnarani walibeba pia ujuzi huo, kwamba walichokipakia kiliangukia watu. Wapo waliojivunia, wapo walioomba dua mpaka kufa. Sauti zao zote zinatakiwa kuwekwa pale, bila kuchaguliwa zile zinazopendeza.

Kwa hiyo nataja ninachodai, kwa Halmashauri hasa, kwa kuwa uwanja uko katika wilaya yenu. Hanga nne zimekwisha kulindwa na sheria kama majengo ya urithi, na hilo ni jema. Ulinzi huo uongezwe kwenye sehemu ya uwanja wenyewe, na kwenye angalau kipande kimoja cha pembezoni ambako ndege zilitengenezewa na kusubiri, pasijengwe wala kuzungushiwa uzio wa biashara. Orodha ya waliopangiwa Scampton, wa angani na wa ardhini, ianze kutengenezwa kutoka kwenye mafaili ya Wizara, na ifunguliwe kwa watu wa Kingston, Port of Spain, Freetown na Warsaw sawa na watu wa Lincoln, bila malipo. Waliovuliwa mabawa kwa kuvunjika moyo waingizwe humo kwa majina na vyeo vyao vya awali. Na hayo yote yawe sharti la mkataba lenye adhabu. Ahadi za mnunuzi kwenye picha za rangi hazinitoshi.

Wazee waliohudumu wakiwa na miaka 18 mwaka 1945 sasa wanakaribia miaka 100. Kila mwezi wa majadiliano ya bei ni mazishi. Ndiyo maana kazi ya kuwarekodi haiwezi kusubiri mauzo yakamilike: Wizara inaweza kuilipia leo na kuidai kwa mnunuzi kesho.

Kikao cha Halmashauri kitakachojadili Scampton kinaruhusu wananchi kuuliza maswali. Nitakuwepo, na swali langu litakuwa hili hili. Wasomaji mlioko Lincoln, Grimsby, Scunthorpe na vijiji vya jirani, njooni tukae pamoja. Na ninyi mlioko Dar es Salaam mliowahi kufanya kazi mbele ya Jaji Cross, au wazazi wenu, andikeni mnayokumbuka na mhifadhi picha, ili chumba cha kuonyesha habari hizi kikifunguliwa tuwe na cha kupeleka.

Ni mimi,
Mtanzania mkazi wa Lincoln